Choma, safisha, badilisha au toa: njia nne za kushughulikia DPF iliyoziba kwenye lori zito

Taa ya DPF (kichujio cha masizi ya dizeli) ikiwaka kwenye trela lililotoka Malaba asubuhi, mwenye gari huwa ameshapewa ushauri wa aina nne kabla dereva hajafika Iganga. Mmoja atasema lipigwe rijeni tu, yaani lijichome ndani, masizi yaungue. Mwingine atasema filta ifunguliwe ioshwe. Wa tatu anayo ya kuuza. Wa nne, na huyu hakosekani, atasema, "Toa hicho kitu kabisa, mzee, Uganda hii nani atakuuliza?" Kila mmoja wao amewahi kuona njia yake ikifanya kazi kwenye lori fulani. Shida ni kwamba lori hilo si lako.

DPF ni kichujio cha kauri kilichofichwa ndani ya boksi la ekzosi. Vijia vyake vyembamba vimepangwa kama sega la nyuki, na kila kijia kimezibwa upande mmoja, kwa hiyo moshi hauna budi kupenya ukutani ndipo utoke. Moshi hupita, masizi hubaki. Masizi hayo yanatakiwa kuungua yakiwa mle mle ndani. Huungua polepole injini inapobeba mzigo na ekzosi ikiwa na joto la nyuzi 250 hadi 400 za Selsiasi, au huungua kwa haraka pale kompyuta ya injini inapoongeza dizeli kwa makusudi ili joto lipande mpaka karibu nyuzi 600. Kisichoungua ni majivu, na sehemu kubwa ya majivu hutoka kwenye oili ya injini: kalsiamu, zinki na magnesiamu zilizomo kwenye viongezwa vyake.

Kwa hiyo kuna DPF iliyojaa masizi na kuna iliyojaa majivu, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Juu ya hapo kuna swali ambalo mafundi wengi hulikwepa: kwa nini imejaa mapema? Kwenye lori la zamani, injekta ikivuja, moshi mweusi ulionekana na kila aliyekuwa nyuma yako kuanzia Mabira mpaka Mukono. Kwenye lori la DPF moshi huo humezwa kimya kimya. Injini inaugua miezi kadhaa, na lawama inaangukia kichujio.

Je, lori lako lina DPF kweli?

Swali hili ni la lazima hapa kwetu. Malori mengi yaliyotumika ya usukani wa kulia, zile Actros, DAF, Scania na Volvo kutoka Uingereza, yana mifumo tofauti kulingana na mwaka. Mengi ya Euro V (kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari) hutumia AdBlue, yaani maji ya urea ya kusafisha moshi, bila DPF. Euro VI, iliyokuwa lazima Ulaya kwa malori yote mapya kuanzia mwisho wa 2013, ndiyo iliyoleta DPF na AdBlue pamoja. Mwenye Actros ya 2010 akiambiwa filta yake imeziba, aombe kwanza aonyeshwe hiyo filta iko wapi. Kwa malori ya Japani jina hubadilika: Isuzu huiita DPD na Hino huiita DPR. Huko usishangae kuikuta hata kwenye lori la miaka ya 2000, maana Tokyo ilianza kuyabana magari ya dizeli mwaka 2003.

Kisha kuna lori ambalo lilikuwa na DPF na sasa lina boksi tupu. Aliyelimiliki kabla yako aliitoboa, akaidanganya kompyuta kwa programu, akauza. Taa ikija kuwaka, unaweza kununua sensa tatu kwa ajili ya kichujio kisichokuwepo.

Pima kabla ya kuchagua

Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari asiishie kukuambia "imeandika DPF". Mwombe kiwango cha masizi, kiwango cha majivu, tofauti ya presha kabla na baada ya kichujio, joto la ekzosi, na lini mara ya mwisho rijeni ilikamilika. Hili la mwisho lina siri nyingi. Lori lililokuwa likijichoma mara moja moja na sasa linaomba kila siku lina kitu kinachozalisha masizi, au lina majivu yaliyokula nafasi yote.

Jaribio la bure kabisa ni hili: washa swichi bila kuwasha injini. Hakuna moshi unaopita, kwa hiyo presha inayosomwa lazima iwe sifuri au karibu nayo. Ikionyesha zaidi, sensa inadanganya na DPF yako huenda ni nzima. Angalia pia vijibomba viwili vinavyotoka kwenye kichujio kwenda kwenye sensa hiyo. Hupasuka, huziba masizi, na wakati mwingine fundi aliyepita amevirudisha kinyume. Kijibomba cha bei ndogo kimewahi kuuza DPF nyingi za bei kubwa.

Injini ikiwa imepoa, pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi. Kwenye lori la Euro VI lenye DPF nzima, kidole hutoka karibu kisafi. Kikitoka cheusi tititi, kichujio kimepasuka au hakipo, na habari ya kuchoma au kuosha imeishia hapo.

Baada ya hapo, rudi nyuma kwenye injini. Mipira ya intakula inavuja hewa? Tabo inapitisha oili? Valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, imekwama? Maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakokwenda? Maji hayo yanaweza kuwa yanaishia kwenye ekzosi kupitia kipozeo cha EGR kilichotoboka. Kwenye malori yenye nozeli ya dizeli ndani ya ekzosi, nozeli hiyo ikiziba, joto halifiki, na rijeni itaanza kila mara bila kumalizika. Chomoa pia dipstiki. Oili iliyopanda badala ya kushuka ni dalili ya dizeli kuingia kwenye oili, jambo linalotokea kwenye injini zinazoongeza dizeli ndani ya silinda ili kuchoma masizi, hasa rijeni zinapokatizwa mara kwa mara. Hilo ni la dharura kuliko taa yenyewe, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi.

Mafuta na oili navyo vina hesabu yake. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, lakini lori la Euro VI lilitengenezwa kwa ajili ya dizeli ya Ulaya yenye sehemu 10. Kwa dizeli halali ya kituo kinachoaminika lori linafanya kazi, ila katalisti (kichocheo cha kusafisha moshi) iliyo mbele ya DPF haipati raha ileile. Dizeli ya madumu ya kando ya barabara, isiyojulikana imechanganywa na nini, ni jambo jingine kabisa. Kuhusu oili, soma kopo. Alama za viwango vya oili za ACEA E6, E9, E8 au E11, au API CJ-4 na CK-4, ni za majivu machache, yasiyozidi asilimia 1. E4 na E7 zinaruhusiwa kufika asilimia 2. Ni oili nzuri kwa injini zake, lakini ukizimimina kwenye lori la DPF utakuwa unajaza kichujio majivu kwa kasi ambayo mtengenezaji hakuikusudia.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nimeiuliza mambo manne: inatibu nini hasa, inagharimu nini pamoja na muda wa lori kusimama, inaweza kuharibu nini, na inamfaa nani. Bei za shilingi sikuziweka, kwa kuwa kati ya soko la spea la Kisekka na gereji ya wakala wa kampuni kuna tofauti kubwa mno, na dola nayo haitulii. Mpangilio wa gharama ndio usiobadilika sana: kuchoma ni rahisi kuliko kusafisha, kusafisha ni rahisi kuliko kununua mpya, na kutoa huonekana rahisi siku ya kwanza.

1. Kuchoma lori likiwa limeegeshwa

*Inatibu nini.* Masizi peke yake. Kama majivu yamejaa, hata ulichome kila jioni, taa itarudi. Njia hii ni dawa nzuri kwa lori lililokosa nafasi ya kujichoma lenyewe: lililokaa foleni ya mpakani injini ikinguruma, lililozunguka mjini bila mzigo, au ambalo dereva amekuwa akibonyeza swichi ya kuzuia rijeni kwa sababu silensa (mzunguko wa injini lori likiwa limesimama) imepanda na kuna harufu.

*Gharama na muda.* Nusu saa hadi saa moja hivi, na lita chache za dizeli. Malori mengi yana swichi kwenye dashibodi. Masizi yakizidi kiwango, kompyuta hukataa na inahitaji mashine ya fundi. Yakizidi zaidi hata mashine hukataliwa, na hapo ni kufungua.

*Hatari.* Moto, kwanza kabisa. Ekzosi inapita nyuzi 550, na hewa inayotoka mdomoni inaweza kuwasha nyasi kavu, magunia au turubai. Usiliegeshe kwenye majani ya njia ya Karuma wakati wa kiangazi, wala pembeni ya miwa ya Lugazi au Kakira, wala kituo cha mafuta, wala chini ya paa la makuti ambapo mama anauza chai. Tafuta murramu tupu au zege, weka handbreki na gia huru, na mtu asimame nje muda wote. Kama mzigo ni petroli au gesi, usifanye kabisa mpaka kanuni za mteja na za mtengenezaji ziruhusu.

Hatari ya pili ni ya kichujio chenyewe. Masizi mengi kupita kiasi yakishika moto kwa pamoja, joto hupanda bila kudhibitika na kauri hupasuka au kuyeyuka. Kompyuta inapokataa ina sababu. Fundi anayejisifu kwamba ana mbinu ya kuilazimisha anacheza kamari na mali yako.

*Inamfaa nani.* Mwenye lori ambalo majivu bado ni machache, kompyuta yake haionyeshi hitilafu nyingine, na chanzo kinaeleweka. Ikirudi ndani ya siku chache, acha kuchoma. Umeshapata jibu kwamba tatizo haliko kwenye masizi pekee.

2. Kuifungua na kuisafisha

*Inatibu nini.* Majivu, pamoja na masizi yaliyogoma kuungua. Kwa lori zuri la safari ndefu, kichujio hufika hatua hii baada ya mamia ya maelfu ya kilomita bila kosa la mtu yeyote. Ni huduma ya kawaida, ingawa hapa kwetu wengi huisikia mara ya kwanza lori likiwa limeshagoma.

*Gharama na muda.* Kazi ikifanywa vizuri, kichujio hupimwa uzito na mtiririko wa hewa, hupulizwa kwa hewa kutoka upande wa kutokea, kisha huingizwa kwenye tanuri linalopanda joto polepole kwa saa nyingi, hupulizwa tena, na hupimwa upya. Wengine hutumia mashine ya maji maalumu na kukausha taratibu. Hesabu siku moja hadi tatu za lori kusimama, zaidi kama gereji ya Mbarara au Gulu inalazimika kupeleka kichujio Kampala au kuvuka mpaka kwenda Nairobi. Ongeza gasketi na klempu mpya. Ukirudisha za zamani, moshi utavuja na sensa zitasoma uongo.

*Hatari.* Hapa ndipo watu huumizwa na neno "kuosha". Presha ya maji ya kuoshea gari, sabuni ya unga, asidi ya betri, petroli, au kukigonga kichujio kwenye tairi ili "uchafu udondoke": vyote nimevisikia vikipendekezwa, na vyote vinaweza kuvunja kauri au kung'oa tabaka la platinamu na paladiamu lililopakwa ndani. Kichujio kinarudi kikiwa kizuri kwa macho, presha imeshuka, kila mtu anafurahi. Kumbe presha imeshuka kwa kuwa kimepasuka. Fanya tena kile kipimo cha kidole.

Anayekipuliza avae barakoa ya maana, si kitambaa. Vumbi hilo si la kuvuta, wala si la kupuliza uani pale watoto wanapocheza.

Dai mambo mawili ya maandishi: uzito kabla na baada, na kipimo cha mtiririko kabla na baada. Asiye na mizani hajui alichokitoa. Halafu hakikisha kaunta ya majivu kwenye kompyuta imerudishwa upya, la sivyo lori litaendelea kuamini kichujio kimejaa.

*Inamfaa nani.* Lori la kilomita nyingi, kichujio chake halisi hakijapasuka, na mwenyewe anaweza kulipumzisha siku mbili bila kupoteza mkataba. Kwa maoni yangu ndiyo njia inayopuuzwa kuliko zote Uganda, kwa sababu wenye tanuri na kipimo ni wachache na wenye presha ya maji wako kila kona.

3. Kubadilisha

*Inatibu nini.* Kichujio kilichopasuka, kuyeyuka, kulowa oili au maji ya rejeta kiasi cha kutosafishika, au ambacho hakipo tena. Chanzo hakiguswi. DPF mpya nyuma ya tabo inayovujisha oili itaharibika kama ile ya kwanza, tena kwa haraka.

*Gharama na muda.* Mpya halisi kwa lori la Euro VI inahesabiwa kwa maelfu ya dola, kwa sababu ya madini yaliyomo. Kama wakala hana stoo, kuna kusubiri meli mpaka Mombasa kisha barabara, au kulipia ndege mpaka Entebbe. Za viwanda vingine huwa na bei nafuu. Uliza uzito wake, dhamana yake, na kama namba yake inalingana na injini yako. Zile zenye madini kidogo hushindwa kufikia joto linalotakiwa, na lori likaomba rijeni kila wakati.

*Hatari.* Iliyotumika, iliyong'olewa Ulaya, ndiyo yenye mitego. Inaweza kuwa imejaa majivu kuliko yako. Mulika tochi upande wa kutokea: unataka kuona kauri safi. Ukiona mabaka meusi, irudishe mezani. Pima uzito ukiweza, na kubaliana kabla ya kulipa kwamba itajaribiwa kwenye lori. Baada ya kufunga, kompyuta iambiwe kichujio kimebadilishwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye lori changa analotaka kukaa nalo miaka, mwenye gari ambalo bado lina dhamana, na mwenye kazi ya wateja wanaokagua magari. Pia yule ambaye kichujio chake kimepasuka. Huyo hana la kuchagua kati ya kuchoma na kusafisha.

4. Kuitoa

Nimeiweka kwa usawa na nyingine kwa sababu ndiyo watu wengi wanayoiwazia, na kuinyamazia hakumsaidii mtu.

*Inatibu nini.* Presha ya ekzosi, na taa. Kichujio hutolewa au kutobolewa, na programu ya injini hubadilishwa ili isikitafute tena. Kwa mtu ambaye lori limegoma Elegu likiwa na mzigo wa Juba, wala hakuna tanuri wala spea karibu, naelewa kabisa kwa nini inavutia. Lakini injekta mbovu bado ni mbovu, EGR iliyotoboka bado inameza maji, na sasa hakuna kinachopiga kelele. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

*Gharama na muda.* Siku moja kwa kawaida, na bei ya chini kuliko DPF mpya. Gharama nyingine huja baadaye. Katalisti ya AdBlue iliyo nyuma haikutengenezwa kupokea masizi. Programu iliyoandikwa ovyo inaweza kuzima ulinzi mwingine wa injini bila wewe kujua, na siku gereji yenye mfumo rasmi ikisasisha kompyuta, hitilafu zote zinarudi kwa pamoja. Kuirudisha DPF baadaye ni kununua kila kitu upya. Na uliza kichujio kilichotolewa kinakwenda wapi. Kina platinamu ndani, na punguzo unalopewa kwenye kazi huenda ni sehemu ndogo ya thamani ya ulichokiacha gereji.

*Hatari.* DPF nzima huzuia zaidi ya asilimia 90 ya chembe za moshi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta ni dereva anayelala ndani ya kabini, tanboi anayesimama nyuma kuongoza lori likirudi, na wauza gonja (ndizi za kuchoma) wa Namawojjolo wanaokimbilia kila gari linaposimama. Kisheria, usichukulie kwamba kukosa kukaguliwa leo ni ruhusa: Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inahusu pia uchafuzi wa hewa, na NEMA ndiyo msimamizi wake. Dhamana ya mtengenezaji, kama ilikuwepo, imekwisha. Na mnunuzi wako wa kesho akiwa na mashine ya kusoma kompyuta, ataishusha bei mbele yako.

*Inamfaa nani.* Kwa ukweli, simwoni mwenye lori ambaye njia hii inamfaa kwa muda mrefu. Anayelemewa kabisa na DPF, kwa sababu ya kazi yake na barabara zake, ni bora auze lori hilo na kununua ambalo halikuzaliwa nayo kuliko kuendesha la Euro VI lililokatwa.

Kwa hali uliyo nayo

Tipa la mchanga linalotoka Lwera likiwa limejaa na kurudi tupu, kisha likakaa saa mbili kwenye msongamano wa Busega, lina tatizo la joto. Anza kwa kuchoma, kisha badilisha ratiba: mpe dereva dakika arobaini za barabara wazi bila kuzima rijeni inapoanza. Mwulize bila ukali, maana akiogopa atakuambia, "Bosi, haijawahi kuwaka," kumbe kila ikiwaka anabonyeza swichi.

Trela la Mombasa hadi Katuna lenye kilomita nyingi, linalovuta vizuri milima ya Kabale lakini linaomba rijeni mara kwa mara, lina uwezekano mkubwa wa majivu. Milima hiyo huipasha ekzosi joto la kutosha, kwa hiyo masizi yalikuwa na nafasi ya kuungua. Kichujio kisafishwe kwa tanuri, na siku hiyohiyo badilisha oili iwe ya majivu machache.

Lori ulilonunua juzi bila historia: usifanye lolote kati ya manne kabla ya swichi, kidole na namba za mashine. Nusu ya maswali yako yataisha hapo, na huenda ukagundua kwamba aliyekuuzia ameshachagua kwa niaba yako.

Kichujio kilicholowa oili au maji, kiache chini kwanza. Tengeneza tabo au kipozeo cha EGR, endesha injini mpaka uhakikishe uvujaji umekwisha, ndipo umpe msafishaji akipime. Akisema hakisafishiki, nunua. Ukinunua kabla ya matengenezo, utanunua tena.

Kampuni yenye malori matano au zaidi ya aina moja ina nafasi ambayo mwenye lori moja hana: kununua kichujio kimoja cha akiba. Kilichojaa kinafunguliwa, cha akiba kinafungwa, lori linaondoka jioni, na kilichojaa kinakwenda kusafishwa bila haraka. Andika kwenye kila boksi, kwa rangi isiyoungua, tarehe, kilomita na uzito wake baada ya kusafishwa.

Na lori likikwama njiani taa ikiwa nyekundu, nguvu zimekatwa na kompyuta inakataa kuchoma: piga picha za dashibodi na za mashine kama ipo, angalia vijibomba vya sensa, kisha livutwe au liende kwa mwendo wa taratibu hadi gereji iliyo karibu kama mtengenezaji anaruhusu. Gharama ya kulivuta kutoka Lyantonde hadi Mbarara inauma, lakini ni ndogo kuliko bei ya kauri iliyoyeyuka.